Marahaba ya Meneja wa Maji

Watu wa jukwaa walimwita Mfagizi, na jina hilo alijipa mwenyewe. Siku ya kwanza ya kazi, kompyuta ilipomtaka achague jina la kutumia, alitazama chumba alichopewa, akaona fagio limeegemezwa ukutani, akaandika alichokiona. Wanachama walidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Anayefagia anajua anachofagia, na yeye alikuwa na maoni thabiti kuhusu kilichokuwa kinalala sakafuni mwa jukwaa lile.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo, zamani stoo ya karatasi za gazeti. Gazeti lilikuwa limeshakufa. Alilitumikia miaka yote ya ujana wake akiwa msahihishaji, mtu wa kukamata herufi iliyoruka na sentensi iliyoanza vizuri ikafia njiani. Kilichobaki hai ni jukwaa la majadiliano la mtandaoni, lililoanzishwa ili wasomaji wapate pa kutolea maoni, na ambalo sasa lilikuwa na maoni tele na wasomaji wachache. Alikuwa na meza, feni iliyogonga kila ikizunguka, kibodi ambayo irabu zake zilikuwa zimefutika, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani uliopakwa rangi nusu. Kazi yake ilikuwa kusoma, kutwa nzima, mawazo ya watu wa mji juu ya mambo wasiyoyajua.

Aliwadharau karibu wote. Aliwadharau waliojibu kabla ya kusoma, walioandika kwa herufi kubwa kana kwamba wanaita mtu ng'ambo ya mto, na hasa wale walioanza kwa kusema "mimi si mtaalamu, lakini," kisha wakathibitisha. Hata hivyo hakuwafuta. Sheria za jukwaa aliziandika yeye, na zilikuwa tatu: usimtishe mtu, usianike siri za mtu mwingine, usimfananishe mtu na mnyama. Ujinga haukuwemo kwenye orodha. Ungekuwemo, jukwaa lingebaki na yeye na fagio lake.

Mkurugenzi wa jukwaa alipomuuliza siku moja kwa nini anawavumilia watu anaowaona hawana akili, alimjibu kwamba mjinga akizibwa mdomo watu huanza kushuku alikuwa na la maana. Heri aseme, wamsikie, wamalizane naye.

Hata mumewe hakusalimika. Dereva mstaafu huyo alijiunga na jukwaa kwa siri na kujiita Jemedari, akaamini kabisa kwamba mkewe hajui. Mkewe alijua kwa sentensi ya kwanza, maana hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeandika "kwa hiyo basi kumbe." Jemedari alipomwita refa fulani nguruwe, Mfagizi alimfungia wiki moja kama ambavyo angemfungia yeyote. Wiki hiyo mzee alikaa mezani amenuna, anasukuma chakula, na kila akiulizwa ana nini anasema ni mgongo.

Zamani jukwaa lilikuwa na chujio, programu ya kunasa matusi na kuyageuza nyota. Fundi aliyeliweka alilifundisha neno "mbwa" bila kufikiri kwamba neno hilo limejificha ndani ya maneno mengi ya watu wenye adabu zao. Tangazo la msiba likatoka likisema "mnao**** kuhudhuria mazishi." Mhubiri mmoja akaeleza jinsi mwanadamu wa kwanza alivyou****. Bibi harusi, kwa mujibu wa shangazi yake, alipa**** akapendeza. Mfagizi alilizima chujio siku hiyohiyo, ila wanachama hawakusahau. Kuanzia hapo, nyota kwenye jukwaa lile zilikuwa na maana moja tu: hapa palikuwa na tusi, na lilikuwa kubwa.

Basi ndipo akaja Meneja wa Maji.

Alikuwa mkuu wa idara ya maji ya mji, na idara yake ndiyo iliyokuwa mtangazaji mkubwa kuliko wote jukwaani. Labda kwa sababu hiyo alijiona amefika nyumbani. Aliingia na cheo chake kizima, na picha ya suti ya kijivu ambamo alitazama juu kidogo, kama mtu anayeona maendeleo yanakuja kwa mbali. Akafungua mada ya kuwaelimisha wananchi kuhusu mgao. Mfagizi alisoma bandiko la kwanza kwa uchungu wa kikazi. Maji ambayo hayatoki, kwa lugha ya Meneja, yalikuwa "katika mchakato wa kurejea." Mabomba yaliyopasuka yalikuwa changamoto. Uchafu ndani ya maji ulikuwa changamoto. Kufikia mwisho wa aya ya tatu hata wananchi wenyewe walikuwa changamoto.

Chini yake likatokea jibu moja, la mwanachama aliyejiita Kamba ya Nguo. Aliandika: "Shikamoo."

Hakuongeza neno.

Meneja hakujibu. Kesho yake akaweka bandiko jingine, kuhusu mshikamano, na Kamba ya Nguo akaandika tena: "Shikamoo." Keshokutwa vilevile. Siku ya nne mtu mwingine akaiga. Kisha wakaja kwa makundi, vijana kwa wazee, watu wa umri wa Meneja na watu wa umri wa baba yake. "Shikamoo babu." "Shikamoo mhenga wa mabomba." Mstaafu mmoja asiye na jino kwenye picha yake aliandika "Shikamoo kaka mkubwa," na hiyo ikasambaa mji mzima. Meneja alikuwa hajafika hamsini, na nywele zake alizitunza kwa rangi. Kila alichoandika kilizama chini ya heshima.

Mfagizi hakuwahi kufurahia kazi yake kiasi hicho. Katika miaka yote ya kusoma kelele, aliona kwa mara ya kwanza mtu mwenye akili, aliyejua kumvua mkubwa nguo kwa neno ambalo hakuna sheria inayoweza kuligusa. Alianza kumheshimu Kamba ya Nguo, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Mkurugenzi aliingia chumbani Jumatano asubuhi. Alikuwa mtoto wa mwanzilishi wa gazeti. Mfagizi alimfahamu tangu alipokuwa anachana karatasi za stoo ile kutengeneza ndege. Kila siku alimwamkia akiwa anatembea, na kila siku jibu lilimkuta ameshapita.

"Shikamoo mama," akasema, akaelekea dirishani.

"Marahaba," Mfagizi akauambia mgongo.

"Zile shikamoo zifutwe."

"Kwa sheria ipi?"

"Mama, usinianze na sheria. Mimi najua, wewe unajua, mji mzima unajua kwamba lile ni tusi."

"Kwa hiyo umenitukana sasa hivi hapo mlangoni?"

Mkurugenzi aligeuka kutoka dirishani. Akaeleza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba Meneja ameshapiga simu, na hakutaka kufuta tu. Alitaka jina la aliyeanza. Kila mwanachama alijiunga kwa jina lake halisi na namba ya simu, hata kama jukwaani anaitwa Kamba, na Mfagizi peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuyaona hayo.

"Akilipata jina atalifanyia nini?" Mfagizi akauliza.

"Watazungumza. Watu wazima huzungumza."

"Kama alivyozungumza na yule kinyozi?"

Kinyozi wa karibu na stendi alilalamika waziwazi mwaka uliotangulia, kwa jina lake. Wiki iliyofuata mafundi wa idara walikuja wakang'oa mita yake ili ikachunguzwe. Ilikuwa bado inachunguzwa, na kinyozi alikuwa ananyoa watu kwa maji ya kubeba.

Mkurugenzi alitazama ukuta wa jirani. Akasema mshahara wa Mfagizi, na wake yeye, na umeme wa hiyo feni, vyote vinatokana na matangazo, na tangazo kubwa ni la nani anajua. Ijumaa alitaka apate jina. Asipopata jina, apate funguo za chumba.

Alipotoka, Mfagizi alifanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alimwandikia mwanachama ujumbe wa faragha. Alitaka kumwonya kwamba anatafutwa, na kwa kweli alitaka pia kuongea kidogo na mtu mwenye akili. Akaandika kwamba shikamoo zake zimemfikia anayehusika, kwamba anayehusika amekasirika, na kwamba ni vizuri amwambie msimamizi amekusudia nini.

Jibu lilikuja mara moja: "Shikamoo mama."

Mfagizi akatabasamu. Akasubiri lililobaki. Hakikuja kitu. Akatengeneza chai, akainywa, akarudi, akakuta bado ni maneno mawili yaleyale yamekaa kwenye kioo kama mgeni aliyesimama mlangoni na viatu mkononi. Ndipo alipoelewa kinachosubiriwa. Akaandika, polepole: "Marahaba."

Ujumbe ukamwagika. Kamba ya Nguo alikuwa dobi, mwanamke mwenye watoto, anafulia watu nguo nyumbani kwake. Aliomba radhi kama ameudhi. Alikuwa na swali dogo kwa Meneja kuhusu maji, lakini Meneja ni mtu mzima na ana cheo, na yeye hakulelewa kumrukia mtu mzima na swali kabla hajaitikia salamu. Alidhani labda hajaiona, akarudia. Kesho yake akadhani labda ana shughuli nyingi, akarudia. "Sasa wale wengine, mama, sijui wanacheka nini," akaandika. "Nimeona nao wanamwamkia, nikasema basi ni watu wa heshima, pengine nao wana maswali."

Mfagizi aliegemea kiti. Kipaji chote kile, kumbe ilikuwa adabu. Alivunjika moyo, hakuna haja ya kuficha. Mtu wake mmoja mwenye akili hakuwepo. Palikuwa na dobi anayesubiri "marahaba," na mji mzima wa wajanja waliokuwa wamejipanga nyuma yake bila kujua foleni ni ya nini. Na aliyekuwa mbele kwenye foleni hiyo ya wajanja, kama angejihesabu kwa haki, ni yeye Mfagizi.

Hakumwambia habari za kinyozi. Alimwuliza tu kama nyumbani kwake kuna mita. Dobi akasema ipo, na kwamba bila hiyo hana kazi.

Alhamisi Mkurugenzi hakuja kuomba tena. Alikuwa na nywila ya mwenye mali, na huko ofisini kwake alilifufua lile chujio la zamani, akayafuta maneno yake yote, akalifundisha neno moja. Halafu akampigia simu Meneja kumwambia tatizo limekwisha.

Ndani ya saa moja jukwaa lilionekana kama baa inayofungwa kwa vurugu. Kulikuwa na mada ya wastaafu, mahali penye staha kuliko pote, ambapo watu waliulizana habari za macho na magoti. Sasa mstaafu aliyemwandikia mwalimu wake wa zamani alisomeka: "******** mwalimu, umeamkaje?" Binti alimwandikia mjomba wake "******** mjomba," na mjomba akajibu kwa aya tano akieleza nani alimlipia ada. Kila mtu aliona ametukanwa tusi la nyota nane, na kila mtu alijaribu kukisia ni lipi. Mfagizi aliyasoma yote mikono ikiwa mapajani. Wangeweza kuhesabu herufi. Wangeweza kujiuliza kwa nini mpwa mwema atukane asubuhi. Hakuna aliyehesabu wala kujiuliza.

Hata Jemedari alipiga simu kutoka nyumbani, akasahau kwamba yeye si mwanachama.

"Mke wangu, huko kwenu kuna nini? Nimemsalimia mzee mwenzangu vizuri tu, kwa hiyo basi kumbe ananiambia tukutane nje."

"Umemsalimia wapi?"

Mzee akasema mgongo unamsumbua, akakata.

Mchana Mkurugenzi aliingia chumbani mbio, simu sikioni, uso umemshuka. Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa anaongoza mada ile ya wastaafu. Alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, na mkwewe, kwa kumjali na kwa kutaka aonekane anajali, alikuwa amemwandikia hadharani, mbele ya wastaafu wote. Mfagizi alikuwa ameshaliona bandiko hilo. Lilisema: "******** mama, nakuwaza usiku na mchana."

Sauti ya mke ilisikika hadi mezani. "Mama anauliza umemwita nani. Niambie mimi, nimfikishie."

"Shikamoo," Mkurugenzi akasema. "Nimeandika shikamoo."

"Usiniamkie mimi, mume wangu. Jibu swali."

Akakata simu, au alikatiwa. Akakaa kwenye kile kiti cha wageni ambacho hakuwahi kukikalia. "Lizime, mama. Mimi hata nikilifungua halinisikii."

"Nitalizima," Mfagizi akasema. "Jina usiniulize tena."

"Na Meneja nimwambie nini?"

"Mwambie aitikie."

"Aitikie nini?"

"Ameamkiwa. Mtu akiamkiwa hufanya nini?"

Mkurugenzi alimtazama kama anatafuta mahali pa mzaha usoni mwake, na hakupapata. Mfagizi akalizima chujio, nyota zikageuka salamu, na yeye akaandika bandiko fupi juu ya jukwaa kueleza kwamba hakuna aliyemtukana mtu. Watu wachache waliliamini. Mjomba hakuomba radhi.

Meneja alikataa mwanzoni. Alisema kuitikia ni kukubali kwamba yeye ni babu wa mji. Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa na hofu kubwa kuliko ya kupoteza tangazo, alimwambia hakuna njia nyingine, maana neno likizimwa linarudi na balaa. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, chini ya msururu wote ule wa heshima, likatokea neno moja kutoka kwenye suti ya kijivu: "Marahaba."

Wajanja walishangilia kama wamefunga bao. Ameitika, babu ameitika. Wakapongezana kwa ushujaa wa wananchi na uhuru wa maoni, wakaandika sana kuhusu uhuru wa maoni, kisha mchezo ukawa umekwisha, maana mtu akishaitika hana tena utamu. Jemedari alikuwa amefungua mada mpya ya kujadili kama mwanamume anayetembea na mwavuli wakati hakuna mvua ni mwanamume kamili. Wote wakahamia huko.

Ndipo Kamba ya Nguo alipoandika. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Alianza kwa kushukuru kuitikiwa. Halafu, kwa kuwa salamu imekamilika na sasa ni zamu ya kujitambulisha, akajitambulisha: majina yake matatu, mtaa, nyumba iliyo mkabala na duka la vioo, na namba ya mita. Kila kitu ambacho Mfagizi alikuwa amekifichia kifuani na kukiwekea rehani funguo za chumba, mwenye nacho akakiweka mezani kwa mikono miwili. Kisha akauliza:

"Baba, notisi ya idara inasema mtaa wetu unapata maji kila Jumanne. Naomba kujua, ni Jumanne ipi?"

Mfagizi alisoma mara moja, kama alivyosoma kila kitu, akatafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Akaangalia ile namba ya mita, na kidole chake kikaenda chenyewe hadi penye kitufe cha kufuta. Sheria ya pili ilikataza kuanika siri za mtu mwingine. Haikusema lolote juu ya mtu anayejianika mwenyewe. Angefuta kwa wema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake pale angekuwa amefuta bila sheria. Akamwandikia faragha haraka: nimeona umeweka namba, watu hawa si wazuri, kuna kinyozi waliyemng'olea mita, nikuondolee?

Safari hii dobi hakumwamkia. Walishaamkiana.

"Ukiiondoa, mama, atanijibu vipi? Hatajua ni mita ipi."

Mfagizi alikiacha kitufe. Alifikiri kidogo, halafu akafanya kile ambacho sheria zilimruhusu: akalichukua swali na kulibandika juu kabisa ya jukwaa, juu ya mwavuli na wanaume kamili, mahali ambapo kila aliyefungua ukurasa angeliona kwanza, atake asitake. Mita hiyo ikienda kuchunguzwa, mji mzima ungejua ni ya nani, na ilikuwa inaulizia siku gani.

Chini ya swali, kando ya picha ya suti, maandishi madogo yakatokea: Meneja anaandika. Yakapotea. Yakatokea tena.

Jumamosi asubuhi Mkurugenzi alifika, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za ndege za karatasi alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama," akasema, akasubiri.

"Marahaba."

Funguo zilikuwa mezani, mahali pa kuonekana. Hakuzigusa. "Amejibu?"

Mfagizi akageuza kioo kidogo ili naye aone.

"Anaandika," akasema. "Tangu jana."